Mita 400 za sheria, kilomita 35 za shinikizo

Mafuta hayatoki ardhini peke yake. Hutoka na maji, na mara nyingi maji ndiyo mengi kuliko mafuta yenyewe. Katika visima vikongwe vya Marekani si ajabu kupata mapipa kumi ya maji kwa kila pipa moja la mafuta. Maji haya hayahusiani na mvua wala mito. Ni ya bahari za kale, yaliyonaswa ndani ya miamba tangu miamba hiyo ilipokuwa tope, na muda wote huo yamekuwa yakifyonza chumvi na madini. Maji ya bahari ya leo yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Haya huweza kuzidi gramu 200. Humo mna bariamu, bromidi, benzini, mabaki ya mafuta, na radiamu inayotoa mionzi.

Mwaka 2017 visima vya mafuta na gesi vya Marekani vilitoa zaidi ya mapipa bilioni 24 ya maji hayo, na pipa moja ni lita 159. Kiasi fulani husafishwa na kutumika tena, kingine huachwa kikauke kwenye mabwawa. Lakini sehemu kubwa mno hurudishwa chini kupitia visima maalumu vya kushindilia maji, ambavyo nchi nzima vinafikia 180,000 hivi. Vingi kati ya hivyo hurudisha maji kwenye mwamba uleule yalikotoka ili yasukume mafuta yaliyobaki: maji yanaingia huku, mafuta na maji yanatoka kule, na shinikizo linasawazika kwa kiasi fulani. Kimoja katika kila vitano hivi ni cha kutupia tu. Maji yanaingia, hakuna kinachotoka. Nataka kuzungumzia hivyo vya kutupia.

Niliishi Stillwater, Oklahoma, katika miaka ambayo jimbo hilo lilitetemeka kuliko California, na tangu wakati huo sijaacha kusoma rekodi za visima hivi, maamuzi ya wadhibiti na tafiti za wanajiolojia. Nina la kusema, na nitalisema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Sheria inayosimamia visima hivi imeandikwa kulinda bomba. Bomba likiwa zima na saruji ikiwa haivuji, karatasi zinasema kisima ni salama. Ila kinachosafiri mbali zaidi huko chini ni shinikizo, na hilo halina habari na duara la mita 400 lililochorwa kwenye kibali kuzunguka kisima.

Mtu asiyejua anaweza kupita kando ya kisima cha kutupia asikitambue. Hakuna mnara wala pampu inayoinuka na kuinama. Kuna uzio wa waya, matangi marefu kadhaa ya faibaglasi, kibanda cha pampu, na kwenye kona moja kichwa cha kisima kinachomfikia mtu kifuani, chenye vali na geji. Penye lango kuna bango la kuonya juu ya gesi yenye sumu, ile inayonuka kama yai viza. Malori huja usiku na mchana. Dereva anashuka, anabandika kifuani kidude cha kunusa gesi, anaunga mpira mnene kwenye bomba la kupokelea, anafungua vali, kisha anasubiri mapipa 130 hivi yateremke kwenye matangi. Anajaza stakabadhi: yametoka kisima gani, mapipa mangapi, saa ngapi. Yakishatulia, mafuta yaliyobaki yanaelea juu na kuenguliwa kwa ajili ya kuuzwa. Maji yanapita kwenye vichujio na kuanza safari ya kushuka kilomita moja, mbili, wakati mwingine zaidi.

Jirani yangu mmoja, Mkenya, alikuwa akiendesha lori la namna hiyo. Siku moja nilimuuliza kisima anachopelekea maji kikijaa wanafanyaje. Akacheka. "Ndugu yangu, kile hakishibi. Kinanyonya chenyewe. Kuna siku hata pampu hawawashi, na geji inasoma sifuri."

Alikuwa anasema kweli, na ndani ya kweli hiyo kuna kiini cha yaliyoipata Oklahoma. Chini ya sehemu kubwa ya jimbo hilo kuna tabaka nene la mawe ya chokaa na dolomiti linaloitwa Arbuckle. Limejaa matundu na nyufa, na shinikizo lake la asili ni dogo, hata uzito wa maji yaliyomo kwenye bomba peke yake unatosha kuyaingiza. Kwa mwenye kisima hiyo ni neema: hakuna umeme wa pampu, hakuna geji ya kuogopwa, na mdhibiti akija anakuta sifuri. Kwa hiyo watu wakaliona Arbuckle kama shimo lisilo na mwisho. Lina mwisho, na mwisho wake wa chini ni mwamba mgumu wa kale, mwamba wa msingi, uliojaa nyufa kubwa zilizolala chini ya mzigo kwa mamilioni ya miaka.

Sitaki kumdhulumu mtu. Visima hivi havikubuniwa na watu waovu. Vilibuniwa kuwa tiba. Mwanzoni mwa karne iliyopita maji ya chumvi yalimwagwa tu kwenye mashimo ya udongo au mitoni. Mashamba yalikufa, na hadi leo kuna vipande vya ardhi Oklahoma na Texas ambavyo havioti hata nyasi. Eneo kubwa la mafuta la Mashariki ya Texas, lililogunduliwa mwaka 1930, lilitoa maji ya chumvi mengi hata mito ikaharibika, na mwaka 1942 wazalishaji wakaunda kampuni ya pamoja ya kuyakusanya na kuyarudisha kwenye mwamba yalikotoka. Ilikuwa hatua ya busara. Mtu anayetaka visima vyote vifungwe kesho asubuhi anapaswa kusema maji yatakwenda wapi kesho mchana. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ambamo swali hilo halikuulizwa kabisa, nikasikitika.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1974, Sheria ya Maji Salama ya Kunywa. Iliipa EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, kazi ya kulinda maji ya chini ya ardhi yanayoweza kunywewa, hata yale yenye chumvi kiasi, ilimradi hayazidi miligramu 10,000 kwa lita. Visima vya kushindilia viligawanywa kwa madaraja, na vile vya mafuta na gesi vikawekwa Daraja la Pili. Majimbo mengi yenye mafuta yakapewa usimamizi wao wenyewe. Mwombaji wa kibali anatakiwa kuonyesha kwamba bomba la ukuta limezungukwa na saruji kupita matabaka ya maji matamu, kwamba ndani yake kuna bomba la pili lililozibwa kwa kizibo chini, na kwamba nafasi kati ya mabomba hayo inashikilia shinikizo bila kupungua. Kipimo hicho hurudiwa angalau kila baada ya miaka mitano. Tena anatakiwa kuchunguza visima vya zamani vilivyo karibu, visije vikawa njia ya maji kupanda juu. Karibu maana yake nini? Kwa miongo mingi, katika majimbo mengi, imekuwa robo maili. Mita 400.

Mwaka 1988 EPA ikaamua kwamba taka za uchimbaji wa mafuta na gesi hazitahesabiwa kuwa taka za hatari chini ya sheria ya taka, hata kama ndani yake mna vitu ambavyo vikitoka kwenye kiwanda cha kemikali vinahesabiwa hivyo. Pima uzito wa uamuzi huo. Kiwanda kinachotaka kushindilia taka za hatari chini ya ardhi lazima kithibitishe kwamba hazitatoka kwenye tabaka lake kwa miaka 10,000. Mwenye maji ya chumvi ya mafuta, yenye benzini na radiamu, haulizwi swali hilo. Nimesoma hoja zilizotolewa wakati ule: wingi wa taka ni mkubwa mno, gharama ni kubwa mno, majimbo yana sheria zao. Zote zinahusu gharama na urahisi wa kusimamia. Hakuna hata moja inayoyapunguzia maji yenyewe madhara.

Sasa tushuke chini. Ufa mkubwa ardhini ni pande mbili za mwamba zilizobanwa pamoja, kila upande ukitaka kuteleza na kuzuiwa na msuguano. Uzito wa mawe yaliyo juu ndio unaozibana. Maji yakiingia ndani ya ufa kwa shinikizo, yanasukuma pande zote mbili ziachane, si kwa upana wa kuonekana, bali kwa kiasi cha kupunguza ule mbano. Ufa uliokuwa tayari umebeba mzigo karibu na kikomo chake unateleza. Maji hayahitaji kuwa mengi pale kwenye ufa wenyewe, wala si lazima yawe ni yaleyale yaliyomwagwa kisimani. Mwamba tayari umejaa maji, na ukisukuma upande mmoja, msukumo unapita ndani ya yale yaliyokuwepo hadi mbali.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1961 jeshi la Marekani lilichimba kisima chenye kina cha mita 3,671 karibu na Denver, Colorado, cha kutupia maji machafu ya kiwanda chake cha silaha za kemikali. Kushindilia kulianza Machi 1962. Aprili matetemeko yakaanza, katika mji ambao haukuyazoea. Mwaka 1965 mwanajiolojia David Evans aliweka chati mbili pamoja hadharani: mapipa yaliyoshindiliwa kila mwezi, na matetemeko ya kila mwezi. Zilipanda na kushuka pamoja. Februari 1966 kisima kikasimamishwa. Na hapa ndipo panapotisha: matetemeko makubwa kuliko yote ya Denver yalikuja mwaka 1967, zaidi ya mwaka mmoja baada ya vali kufungwa, kwa sababu shinikizo lilikuwa bado linaenea chini kwa chini.

Kisha wanasayansi wa Idara ya Jiolojia ya Marekani wakaenda Rangely, upande wa pili wa Colorado, kwenye eneo la mafuta lililokuwa likishindiliwa maji. Kuanzia mwaka 1969 wakafanya jambo ambalo sijui kama leo lingeruhusiwa: walipandisha shinikizo, matetemeko yakaja, wakalishusha, yakakoma, wakarudia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976, pamoja na kiwango cha shinikizo ambacho kikipitwa ufa ule unaanza kuteleza. Kwa hiyo miongo mitatu kabla Oklahoma haijaanza kutikisika, ilikuwa inajulikana kwa vipimo kwamba jambo hili linawezekana, linasababishwa na nini, na linapunguzwaje.

Oklahoma kabla ya mwaka 2009 ilikuwa ikipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka ya ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2014 yalizidi 570. Mwaka 2015 yalizidi 900. Kati ya hapo kulikuwa na Novemba 2011, pale mji wa Prague ulipopigwa na tetemeko la 5.7 kwenye ufa wa Wilzetta, na huko Shawnee mnara mmoja wa jengo kuu la chuo cha Mtakatifu Gregory ukaporomoka. Mwanajiolojia Katie Keranen na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba tetemeko hilo lilifungamana na visima vya kutupia vilivyokuwa karibu, na kwamba kushindilia hapo kulikuwa kumeendelea kwa miaka 18 hivi kabla ufa haujateleza. Mwaka uliofuata walichunguza mfululizo mwingine, ule wa karibu na mji wa Jones. Walikuta kwamba visima vinne tu vyenye wingi mkubwa wa maji, kusini mashariki mwa Jiji la Oklahoma, vinaweza kueleza matetemeko yaliyotokea hadi umbali wa kilomita 35.

Kilomita 35. Na mwombaji wa kibali alikuwa akiulizwa kuhusu mita 400.

Niondoe mkanganyiko mmoja, kwa kuwa nimeusikia mara nyingi hata kwa watu wanaojali mazingira kwa dhati. Wengi husema matetemeko ya Oklahoma yaliletwa na kupasua miamba kwa maji ili kutoa gesi. Upasuaji wa miamba unaweza kuleta matetemeko, na mahali pengine umeyaleta, lakini Oklahoma sehemu kubwa ilitokana na kutupa maji, na mengi ya maji hayo hayakuwa ya upasuaji hata kidogo. Yalikuwa ya asili, ya matabaka ambayo kampuni ziliyakamua maji mengi ajabu ili kupata mafuta kidogo, pale bei ilipopanda na teknolojia ya kuchimba kwa mlalo ilipofanya jambo hilo liwe na faida. Kutofautisha hivi kuna maana. Ukilaumu kazi isiyohusika, mwenye kisima cha kutupia anakaa kimya na kupita.

Jumamosi ya tarehe 3 Septemba 2016, saa 1:02 asubuhi, kitanda kilianza kusogea. Matetemeko madogo tulishayazoea; ulikuwa unasikia mlio kama lori zito, vyombo vinagongana, unaendelea na chai yako. Hili halikuisha. Ukuta ulikuwa unapinda mbele ya macho, na mlio ulitoka pande zote. Mke wangu alimnyakua mtoto, tukasimama kwenye fremu ya mlango kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tumesikia utotoni (ushauri wa kisasa ni kuingia chini ya meza imara na kujikinga kichwa). Lilipotulia, jirani zetu wote walikuwa nje na nguo za kulalia, hakuna anayeongea. Lilikuwa na ukubwa wa 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Oklahoma, na kitovu chake kilikuwa karibu na Pawnee, kaskazini mashariki mwetu. Huko Pawnee kuta za mawe za majengo ya zamani ziliporomoka, na Taifa la Pawnee, watu wa asili wa Marekani waliohamishiwa hapo karne ya 19, lilikuta majengo yake ya utawala yamepata nyufa.

Nyumba tuliyopanga ilipasuka ukuta wa matofali kuanzia kona ya dirisha hadi chini. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa akituchukulia kama wanawe, alikuwa na bima ya tetemeko. Kampuni ilimletea mkaguzi aliyetumia muda mwingi zaidi kupiga picha nyufa za zamani kuliko ule mpya, na mwishowe ikamwambia uharibifu ulikuwepo kabla, na kwamba hata usingekuwepo, gharama haifikii kiwango anachotakiwa kubeba mwenyewe kwanza. Hakuwa peke yake. Mwaka uliotangulia kamishna wa bima wa jimbo alikuwa ameshazionya kampuni kuhusu visingizio vya uharibifu wa zamani, na kuhusu kukataa madai kwa hoja kwamba tetemeko limesababishwa na binadamu. Mwaka huohuo wa 2015, Mahakama ya Juu Kabisa ya Oklahoma iliamua kwamba mwanamke aliyejeruhiwa na mawe ya bomba lake la moshi katika tetemeko la Prague anaweza kuwashtaki wenye visima mbele ya mahakama ya kawaida, badala ya kupelekwa kwa tume inayotoa vibali. Kisheria huo ulikuwa mlango mkubwa. Kwa mama mwenye nyumba wetu, wakili alitaka fedha ambazo hakuwa nazo. Aliziba ufa kwa saruji, akapaka rangi.

Kwa miaka kadhaa msimamo wa jimbo ulikuwa wa kufunika kombe mwanaharamu apite: matetemeko huenda ni ya asili, tusubiri takwimu. Ni Aprili 2015 tu ambapo taasisi ya jiolojia ya jimbo ilitamka wazi kwamba mengi ya matetemeko yana uwezekano mkubwa wa kuwa yamesababishwa na maji yanayoshindiliwa. Mwezi mmoja kabla, jirani zao wa Kansas walikuwa wameshaamuru wingi wa maji upunguzwe katika wilaya zilizotikisika zaidi, na matetemeko yao yakapungua. Oklahoma ikafuata kwa awamu: visima vilivyoingia kwenye mwamba wa msingi vizibwe kwa chini, na kiasi kinachoingia Arbuckle katika maeneo ya hatari kipunguzwe kwa asilimia 40. Baada ya Pawnee, tume ya jimbo ilisimamisha visima 37 kwa mpigo, na EPA ikafunga vingine katika Wilaya ya Osage, ambako usimamizi wa visima uko mikononi mwa serikali kuu. Bei ya mafuta nayo ilikuwa imeanguka, jambo lililosaidia zaidi ya wanasiasa wanavyopenda kukiri. Kufikia mwaka 2017 matetemeko ya ukubwa wa 3 na kuendelea yalishuka hadi 300 hivi, na yakaendelea kushuka.

Katika kipindi hicho lilifanyika jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Wanajiolojia wa jimbo walichukua visima visivyotumika vilivyofika Arbuckle, wakashusha vipimo ndani yake, wakaanza kurekodi kina cha maji mfululizo. Vipimo hivyo ni vyepesi kuhisi kiasi kwamba vinaonyesha maji yakipanda na kushuka kwa mvuto wa mwezi na jua. Kadiri kushindilia kulivyopunguzwa, usawa wa maji nao ulionekana ukishuka. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuangalia hali ya mwamba wenyewe badala ya kuisoma kutoka kwenye geji iliyo juu ya ardhi. Vifaa hivyo si vya ajabu wala si vya bei ya kutisha. Vingeweza kuwekwa miaka 20 kabla.

Somo hilo linahitajika sana sasa hivi magharibi mwa Texas na kusini mashariki mwa New Mexico, katika bonde la Permian, eneo linalotoa mafuta mengi kuliko jingine lolote Marekani. Maji ya chumvi huko ni karibu mapipa milioni 20 kwa siku. Mwanzoni mengi yalishushwa kwenye matabaka ya kina kirefu, na matetemeko yakafuata; Novemba 2022 eneo la Coalson Draw lilipigwa na la ukubwa wa 5.4. Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo msimamizi wa mafuta, ilitangaza maeneo ya hatari na kuzuia visima vya kina kirefu. Kampuni zikahamia matabaka ya juu zaidi. Matetemeko yakapungua, tatizo likabadili sura: matabaka hayo ya juu yametobolewa na maelfu ya visima vya zamani, vingine havina mwenyewe, vingine vilizibwa enzi ambazo kuziba kulikuwa ni kusukumia ndani chochote kilichopo. Januari 2022 katika Wilaya ya Crane kisima kimoja kikongwe kilianza kurusha maji ya chumvi kama mita 30 hewani. Watafiti wa Southern Methodist University, wakitumia picha za rada za satelaiti, waligundua kwamba ardhi ya eneo hilo ilikuwa imevimba kabla, na wakahusisha uvimbe huo na maji yaliyoshindiliwa kilomita kadhaa kutoka pale.

Ohio ina habari yake. Pennsylvania, jimbo jirani, ina visima vichache sana vya kutupia, kwa hiyo sehemu ya maji yake ya gesi huvushwa mpaka kwa malori hadi Ohio. Huko Youngstown, Ohio, kisima kimoja kilianza kupokea maji Desemba 2010. Kufikia tarehe 31 Desemba 2011 mji ambao ulikuwa hauna rekodi ya matetemeko ulitikiswa na la ukubwa wa 4 hivi, na baadaye jimbo likapiga marufuku kuchimba visima hivi hadi kwenye mwamba wa msingi. Kusini mashariki mwa jimbo hilohilo, katika Wilaya ya Washington, maji yaliyoshindiliwa yaliibukia kwenye visima vya gesi vya watu wengine, vingine umbali wa kilomita kadhaa. Bomba la kisima kilichoshindilia halikuwa na tatizo.

Ninachokidai si kikubwa kama inavyosemwa. Eneo la uchunguzi lipimwe kwa jinsi shinikizo linavyotarajiwa kuenea katika mwamba husika, na visima vyote vinavyoingia tabaka moja vihesabiwe pamoja, kwani mwamba hausomi vibali kimoja kimoja. Vipimo vya shinikizo viwekwe ndani ya tabaka kabla ya kisima kupokea pipa la kwanza, na takwimu zake ziwekwe wazi. Texas imeanza kusogea: tangu tarehe 1 Juni 2025, maombi mapya ya visima vya kutupia katika bonde la Permian yanachunguzwa kwa nusu maili badala ya robo, na kuna ukomo wa shinikizo unaofuata jiolojia ya mahali. Nusu maili ni mita 800. Nafurahi, na sijaridhika. Kutumia maji haya tena kupasulia visima vipya nako kunasaidia na kunapaswa kulazimishwa pale inapowezekana, ingawa maji yanayotoka ni mengi kuliko visima vipya vinavyoweza kunywa. Kuyasafisha hadi yafae kumwagilia ni ghali, na bado chumvi iliyotolewa itahitaji pa kwenda.

Kwa anayeishi karibu na kisima kinachoombewa kibali, rekodi za Oklahoma, Texas na Ohio ziko mtandaoni bure. Tafuta jina la tabaka, kina cha pale maji yatakapoingilia, na umbali kutoka hapo hadi mwamba wa msingi. Angalia shinikizo la juu linaloruhusiwa na mapipa kwa siku, kisha uangalie kama taarifa zitatolewa kila siku, kila mwezi au mara moja kwa mwaka. Ya mara moja kwa mwaka haifai kitu ufa ukianza kuteleza mwezi Machi. Geji ikisoma sifuri usiridhike, uliza uzito wa maji ndani ya bomba ni kiasi gani kule chini. Halafu achana na duara la kwenye fomu. Chora la kilomita 35, orodhesha kila kisima kinachoingia tabaka hilohilo, jumlisha mapipa yake, na upeleke hesabu hiyo kwa tume kama pingamizi la maandishi. Mara nyingi muda wa pingamizi ni siku 15 hadi 30, na unaanza kuhesabiwa siku ya tangazo, hata kama wewe umeliona wiki mbili baadaye.